Kiwanja cha shule si parseli ya mutu

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wetu mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi wa shule moja ya sekondari ya Serikali, pembeni ya mji wa Goma, Jumamosi moja ya mwaka 2024. Tunayaweka hapa kwa ombi la wazazi ambao hawakuweza kufika. Jina la shule hatuliandiki, juu maneno yenyewe hayajaisha.)



Wale wadogo hawanijui, kwa hiyo nianze na mimi. Nilisoma hapa. Nilikaa kwenye ile darasa ya mwisho, karibu na mti wa avoka, miaka yote ya sekondari mpaka Egzetati. Kutoka hapa nilienda yuniversite, nikapata lisansi yangu, na leo ni mwaka wa tatu niko nyumbani. Mukiniuliza ninafanya kazi gani, nitawajibu: kazi yangu ni kutafuta kazi. Nimeweka dosye mahali pengi mpaka mama mwenye mashini ya fotokopi ananiita mtoto wake. Ninasema hii mapema ili mutu asifikiri nimekuja kujivuna, wala asifikiri kuna mukubwa aliyenituma. Siko na chama, siko na mukubwa. Niko na wakati, na ninakumbuka mambo ya shule hii.

Mama prefe aliniomba niongee juu ya kazi za wanafunzi nje ya masomo: klabu ya mjadala, mupira, teatri, kwaya, komite ya wanafunzi. Ninamushukuru. Najua wazazi wengi wanaona hizi ni michezo ya kupoteza wakati. Baba yangu naye alikuwaka anasema: "Nimekulipia minervali ili usome, hapana ili ukapige kelele Jumamosi." Alikuwa anabeba mizigo sokoni ili nilipiwe, kwa hiyo siwezi kumucheka. Lakini leo, nikijiuliza ni nini nilichotoka nacho hapa ambacho bado ninakitumia kila siku, mambo mawili yanakuja kwanza, na yote mawili yalitokea nje ya saa za masomo. Nitawapa haya mawili. Kisha nitaongea juu ya zile kamba tunaona zimefungwa kule mwisho wa kiwanja, maana bila kiwanja haya yote yanakufa.

Jambo la kwanza ni la maji.

Munajua shida ya maji ya kwetu. Tuko karibu na ziwa Kivu, na bado mtoto anaamka saa kumi ya usiku kutafuta bido moja. Wakati wangu, mlango wa shule ulikuwa unafungwa saa moja na nusu kamili. Mwenye kuchelewa alipewa azabu ya kuvunja mawe ya lava nyuma ya vyoo. Tukaona kila siku ni wasichana walewale wanavunja mawe. Tukawacheka. Ndiyo, nilicheka na mimi.

Jumamosi moja klabu ya mjadala ikaweka ile neno mezani: "Anayechelewa aazibiwe au asiazibiwe?" Sheria ya klabu ilikuwa moja na ngumu: unachota karatasi, na karatasi ndiyo inakuambia utatetea upande gani. Mimi nilitaka kutetea azabu. Karatasi ikanitupa upande wa wasichana. Nilikuwa na dakika 3 na sikuwa na neno la kusema. Njo maana wiki nzima nilienda kuwauliza: unaamka saa ngapi, unachota wapi, unarudi saa ngapi, nani mwingine nyumbani angeweza kwenda? Mmoja akanijibu: "Kaka zangu wako wawili, wote wakubwa. Wanalala." Nikanyamaza, juu na mimi nilikuwa kaka mwenye kulala.

Baada ya ule mjadala hatukuenda kupiga kelele kwenye biro. Komite ya wanafunzi ilinunua kaye moja, ikaiweka kwa mulinzi wa mlango. Kwa wiki 3, kila aliyechelewa aliandika jina, saa, na sababu. Wiki ya nne tukapeleka kaye kwa prefe wa wakati ule. Aliifungua, akasoma mbele yetu, ukurasa kwa ukurasa. Hakusema tuko na haki. Alisema: "Kumbe." Jumatatu iliyofuata walipewa dakika 15 zaidi siku ambazo bomba za kartiye hazitoi maji, na azabu ya mawe ikaisha. Maji yenyewe hayakuongezeka hata tone. Lakini wasichana waliacha kuvunja mawe.

Tangu siku ile najua kwamba kelele ya wanafunzi mia mbili inaweza kufungiwa dirisha, lakini kaye yenye majina, saa na sababu, mukubwa anaisoma mpaka mwisho. Yale yote tunafanya leo sisi vijana wa harakati, kuhesabu mashimo ya barabara, kuandika siku ambazo umeme haukuja, kupeleka barua na kurudi kuulizia jibu, mimi nilijifunzia pale kwenye mlango.

Jambo la pili linanipa haya, lakini nitalisema.

Katika mwaka wa tano nilichaguliwa mwenye kutunza feza ya komite. Kila mwanafunzi alitoa franka 200 kwa mupira, nyavu, na nguo za teatri. Feza ilikaa kwangu, ndani ya kopo la maziwa. Siku moja yaya yangu alikosa feza ya moto ya kwenda kazini, akaniomba. Nikatoa franka 2.000. Atarudisha kesho. Kesho yake ikawa 3.000. Mwisho wa trimestre ilikosekana franka 7.500, na mupira wetu ulikuwa umepasuka kwenye mawe ya lava.

Nilitaka kusema feza iliibiwa. Nilikuwa nimeshatengeneza hata hadithi ya mwizi na dirisha. Lakini mwalimu aliyekuwa anasimamia komite aliweka desturi: mwisho wa kila trimestre, mwenye feza anasimama hapa mbele ya bendera, anasoma kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila mwanafunzi ana haki ya kuuliza. Nikasimama. Mtoto wa mwaka wa kwanza, mdogo kabisa, akanyoosha mkono: "Yaya, na ile ingine iko wapi?" Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu. Hadithi ya mwizi ikaniisha mdomoni. Nikasema kweli. Walinitoa kwenye ile kazi, na nilirudisha ile feza yote kwa kuuza mikate asubuhi kwa miezi 2.

Wazee wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, na bado mali ilipotea. Kilichoniokoa ni ile siku ya kusoma daftari mbele ya watu. Leo nikisimama na wenzangu kuuliza mukubwa feza ya barabara iko wapi, ninamukumbuka yule mtoto wa mwaka wa kwanza. Ninajua pia mukubwa anajisikia namna gani, juu na mimi nilikuwa mukubwa wa kopo la maziwa. Njo maana tunauliza bila matusi. Lakini tunauliza.

Sasa tuingie kwenye kiwanja.

Wiki 3 zilizopita nilipita hapa kwenda Ndosho. Nikaona kule mwisho, nyuma ya lango la mupira, kamba zimefungwa, mawe yamepakwa rangi nyeupe, na tofali za simenti zimepangwa. Nikauliza. Mmoja aliniambia watajenga magazini za kupangisha ili shule ipate feza. Mwingine aliniambia sehemu ile imeshapata mwenyewe na mwenyewe ana karatasi. Mwingine aliniambia: "Wewe uliisha kumaliza hapa, inakuhusu nini?" Sijaona karatasi hata moja. Kwa hiyo leo sitamushitaki mutu yeyote, aliyeko hapa wala asiyeko. Lakini hakuna mutu atanikataza kuuliza.

Kuko mambo ambayo hayahitaji kuulizwa, juu yameandikwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kipengele cha 53, inasema udongo wa nchi hii ni mali ya Serikali. Kipengele cha 55 kinasema ardhi iliyowekwa kwa kazi ya watu wote haiwezi kupewa mutu, mpaka kwanza itolewe katika ile kazi kwa njia ya sheria. Kiwanja cha shule ya Serikali ni ardhi ya namna ile. Na Katiba ya 2006, kipengele cha 42, inawapa viongozi wa nchi mzigo wa kulinda vijana katika afya yao, elimu yao na kukua kwao. Kwa hiyo kama mutu ana karatasi ya sehemu ya kiwanja, swali letu ni moja: karatasi iliyokitoa kiwanja katika kazi ya shule iko wapi, na nani aliitia mukono?

Wengine watasema: ile sehemu ni ya bure, haina kazi. Wacha nihesabu kazi yake. Jumatatu mpaka Ijumaa, asubuhi, munapanga mistari pale kwa bendera. Saa ya mapumziko, watoto mia kadhaa wanapumua pale, juu ndani ya darasa wako 60 na zaidi. Jumatano mazoezi ya mwili. Ijumaa teatri inarudia pale, juu darasa hazitoshi. Jumamosi mupira wa wavulana, kisha wa wasichana, na wasichana wameanza kushinda kuliko wavulana, musikasirike. Jumapili vijana wa kartiye, hata wale ambao hawasomi.

Kuko pia zile siku ambazo hazimo kwenye kalenda ya shule. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto na lava kushuka mpaka upande wa Buhene, watu walikimbilia wapi kwanza? Mahali pa wazi. Vita ilipowatoa ndugu zetu Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, wengi walilala kwanza kwenye viwanja vya shule na vya makanisa kabla ya kupata hata hema. Mwaka 2018 na mwaka 2023, tulipanga mistari kwenye mashule kuchagua viongozi. Mji wetu umejaa, na kila siku nyumba zinaongezeka. Mahali pa wazi pa watu wote pamebaki pachache sana. Tukikata hiki vipande, mwaka ujao tutakusanyika wapi? Ndani ya magazini ya mutu?

Lakini nisiwe mutu wa kusema upande mmoja. Klabu ilinifundisha kusimama hata kwenye upande ambao siupendi, kwa hiyo niwape maneno ya wale wanaotaka magazini.

Wanasema shule haina feza, na ni kweli. Katiba, kipengele cha 43, imesema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za Serikali, na tangu 2019 Serikali ilianza kuitekeleza. Sekondari haimo. Hapa mzazi bado analipa. Kuko walimu ambao hawajaingia kwenye listi ya mushahara wa Serikali, wanaishi na kile wazazi wanatoa, na mzazi akikosa, mwalimu naye anakosa. Mvua ikinyesha, mabati ya darasa ya tatu yanavuja. Mama prefe anaona haya kila asubuhi kabla yetu sisi wote. Kama mutu amekuja kwake na ahadi ya kodi ya kila mwezi, siwezi kusema alikuwa mjinga kusikiliza.

Jibu langu ni hili. Mabati yanaweza kununuliwa mwaka huu au mwaka ujao, lakini kiwanja kikiisha kwenda hakirudi, juu hakuna parseli ya kununua katika kartiye hii kwa feza ya shule. Tena, magazini ni ya nani? Kodi itaandikwa kwenye kaye gani? Nani atasimama mbele ya bendera kila trimestre kusoma kilichoingia na kilichotoka? Kama hakuna mwenye kujibu haya leo, kesho kodi itakuwa kwenye kopo la maziwa, na kila mutu atakuwa na yaya mwenye kuomba feza ya moto.

Basi tufanye nini? Niko na maombi manne.

La kwanza ni kwa wazazi wa komite. Muitishe mkutano, muandike ripoti, kila mmoja atie mukono. Kisha muandikie biro ya elimu inayosimamia shule hii, na kopi kwa meya na kwa kadasta. Muulize wazi: mipaka ya shule ni ipi, kuna karatasi gani juu ya ile sehemu, na ilitolewa kwa sheria gani. Mubaki na kopi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni sawa vile haikufika.

La pili ni kwa walimu wa hesabu na wa jiografia, na kwa ninyi wadogo zangu. Tupime kiwanja sisi wenyewe, kama kazi ya klabu. Tunahitaji kamba ya metre 10 yenye fundo kila metre, kaye, na biki. Kiwanja chetu hakina pande sawa, kwa hiyo tutapima pande zake 4, kisha tutapima pia mstari wa kutoka kona moja mpaka kona ya ngambo. Hapo tutapata pembetatu 2, na mwalimu atawaonyesha namna ya kutafuta ukubwa wa kila moja, na kuzijumlisha. Tutachora ramani kwenye karatasi kubwa: darasa, vyoo, bendera, mti wa avoka, lango la mupira, na zile kamba mahali zilipo. Kazi yetu haitachukua nafasi ya kazi ya kadasta. Lakini kesho kamba zikisogea hatua 5, tutajua.

La tatu ni kwa Mama prefe. Tunakuomba, mama, usikilize ombi letu kama la watoto wako. Acha kazi za Jumamosi ziendelee, zote, kwenye kiwanja chote. Uandike programu, uibandike mlangoni: saa fulani mupira, saa fulani teatri, saa fulani mjadala. Mutu akija kusema mahali hapa hapana kazi, mulinzi amuonyeshe ile karatasi.

La nne ni kwenu wadogo zangu, na hapa munisikilize vizuri. Musing'oe kamba. Musitupe jiwe. Musivunje tofali ya mutu. Najua mikono inawawasha, na mimi ilinisumbua nilipopita. Siku mutakapovunja tofali moja, hatutaongea tena juu ya kiwanja, tutaongea juu ya tofali, na mwenye makosa mutakuwa ninyi. Kama itafika siku ya kuandamana kwa amani, ni sisi watu wazima tutakaokwenda, baada ya kuwajulisha viongozi kwa barua, sawa vile kipengele cha 26 cha Katiba kinavyoomba. Ninyi mubaki darasani na kwenye kiwanja. Kazi yenu ni kukitumia.

Kuko mzazi mmoja aliniuliza mlangoni kama nimekuja kuingiza watoto katika siasa. Swali lake ni la haki, na ninamujibu mbele ya wote. Baba, sijawaambia watoto wamuchague mutu, wala wamuchukie mutu. Nimewaambia wapime, waandike, waulize, na wasivunje. Kama hii ni siasa, basi yule mwalimu aliyenisimamisha mbele ya bendera na kopo langu la maziwa alikuwa mwanasiasa mukubwa.

Ninamaliza. Jumamosi ijayo klabu ya mjadala itakutana hapa saa mbili ya asubuhi. Nimeongea na wakubwa wa klabu, na neno litakuwa hili: "Shule ijenge magazini kwenye kiwanja, au isijenge?" Mutachota karatasi. Wengine mutapata upande wa magazini, na ninaomba muutetee kwa nguvu zenu zote, muende kuuliza bei ya mabati, mushahara wa mwalimu, kodi ya magazini moja barabarani. Tunahitaji kujua yale maneno kabla hatujaandika barua. Wazazi munakaribishwa, na mwenye zile tofali naye anakaribishwa. Atapewa dakika 3 kama kila mutu.

Baada ya mjadala tutapima. Mimi nitaleta kamba. Sina kazi Jumamosi, wala Ijumaa, kwa hiyo sitachelewa. Kama siku ile bomba hazitatoa maji, tutawangoja wasichana dakika 15. Ninyi kaka mwenye kulala, mujue nani amebeba bido.